Mlima Bogd Khan haukuanza kulindwa kwa barua ya Beijing

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu hifadhi kongwe za dunia nimeisoma na kalamu mkononi. Niwapongeze kwanza. Mwandishi wenu ameikatalia Yellowstone kiti cha mbele ambacho imekikalia katika kila kitabu cha jiografia tulichosomeshwa. Wamarekani waliitenga Yellowstone mwaka 1872. Kule Mongolia kuna mlima uliokuwa na ulinzi wa kiserikali, wenye maandishi na mihuri, karibu karne nzima kabla ya hapo. Katika hilo hatuna ugomvi.

Ugomvi wangu uko kwenye sentensi mbili zilizofuata, pale alipoandika kwamba mlima huo, Bogd Khan, ulihifadhiwa na Kaisari wa China mwaka 1783, kisha akamsifu kaisari huyo kwa kuyaona ya mbele. Ni sentensi mbili tu, lakini zimempa sifa asiyestahili na kuwapokonya wenye mlima wao. Naomba nafasi nieleze, na mnisamehe nikirefusha. Mzee akipata msikilizaji huwa hamwachii upesi.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Nimepima viwanja, mashamba ya mkonge na mipaka ya misitu ya hifadhi huku Tanga hadi magoti yakaanza kulalamika, na kazi yangu ya mwisho ilinipeleka Mongolia, kwenye kampuni iliyokuwa ikipima njia za kwenda migodini. Kazi ilikuwa kwenye jangwa la Gobi, ila ofisi na vyumba vyetu vilikuwa Ulaanbaatar, na mtu akikaa Ulaanbaatar anakaa na Bogd Khan, apende asipende. Mji umelala bondeni kando ya mto Tuul, na upande wake wote wa kusini umezibwa na mlima huo. Majira ya baridi, moshi wa makaa ya mawe unapofunika mitaa ya mahema, unaweza usiuone mtaa wa pili lakini mgongo wa mlima ukauona juu ya moshi.

Si mlima mrefu kwa mtu aliyezoea kuitazama Kilimanjaro asubuhi. Kilele chake, Tsetsee Gun, kinazidi mita 2,200, na mji wenyewe tayari uko kwenye mita 1,300 na kitu. Hauna ncha ya kupigia picha. Ni mgongo mpana, wa mawe juu na msitu ubavuni. Msitu wenyewe uko upande wa kaskazini, unaotazama mji, kwa sababu kule jua la kusini hukausha udongo na miti hujificha kivulini. Mingi ni ya jamii ya msonobari, lakini ya ajabu kidogo: ikifika Septemba sindano zake hugeuka njano na kupukutika zote. Msitu mkubwa wa Siberia unaishia karibu na hapo. Ukiuvuka mgongo na kushuka kusini unakuta nyasi, halafu changarawe, halafu Gobi. Mfugaji yeyote, awe Mmasai au Mmongolia, akiuona mlima wenye kuni, maji na kivuli pembezoni mwa nyika kame hahitaji kuambiwa na mtu wa mbali kwamba una thamani.

Na hawakuambiwa. Wamongolia husimulia kwamba aliyekataza kuwinda na kukata miti mlimani humo ni Tooril, mtawala wa kabila la Wakereit, ambaye kambi yake ilikuwa kwenye msitu mweusi wa mto Tuul. Tooril huyo aliuawa mwaka 1203 baada ya kukosana na kijana aliyekuwa chini ya ulinzi wake, Temujin, ambaye miaka mitatu baadaye alitawazwa kuwa Chinggis Khan, yule ambaye wengi humwita Genghis Khan. Hata ukiikata simulizi hiyo nusu, bado unabaki na mlima uliokuwa mtakatifu karne nyingi kabla ya mwaka mnaoutaja. Temujin mwenyewe alikuwa na mlima wake mwingine, Burkhan Khaldun, mashariki zaidi, kwenye milima ya Khentii. Alijificha huko alipokimbizwa na Wamerkit walioteka mkewe. Maadui walipoondoka alishuka, akavaa mkanda wake shingoni, akashika kofia mkononi, akapiga magoti mara tisa akilielekea jua, akaapa kuuheshimu mlima huo kila asubuhi, yeye na uzao wake. Huo ndio utamaduni uliokuwapo. Milima ilikuwa na haki zake kabla haijawa na hati.

Sasa tumfikie kaisari wenu. Aliitwa Qianlong, na kumwita Kaisari wa China ni nusu ya habari. Ukoo wake ulikuwa wa Wamanchu, watu wa kaskazini-mashariki, waliojitangazia dola ya Qing mwaka 1636 kabla hawajaitwaa Beijing. Mwaka mmoja kabla ya hapo walikuwa wamepokea kutoka kwa mwana wa khan wa mwisho wa Wachahar, kabila la Kimongolia, muhuri uliosemekana kuwa wa makaisari wa Kimongolia wa zamani. Kwa hiyo walijihesabu warithi wa Chinggis, na tangu mwanzo walikuwa na ofisi maalumu ya mambo ya Wamongolia, ambayo baadaye ikaitwa Lifan Yuan. Hii ndiyo ofisi ninayotaka wasomaji wenu waijue, maana bila hiyo habari ya mlima haieleweki. Mikoa ya China ilitawaliwa kwa utaratibu mmoja. Mongolia, na baadaye Tibet na nchi za magharibi, zilipitia kwenye ofisi hii, yenye sheria zake, na maafisa wake wakiwa Wamanchu na Wamongolia.

Wamongolia wa Khalkha, wenye mlima huu, waliingia mikononi mwao kwa shida. Mwaka 1688 Galdan, mtawala wa Wadzungar wa magharibi, aliwavamia, wakakimbilia kusini na mifugo yao kuomba hifadhi. Mwaka 1691, mahali paitwapo Dolonnor, watawala wa Khalkha walipiga magoti mbele ya Kaisari Kangxi, babu yake Qianlong, na wakawa raia wake. Miaka mitano baadaye Galdan alishindwa vitani, si mbali na Bogd Khan. Kila mwaka Khalkha walipeleka Beijing kodi ya heshima ya wanyama tisa weupe: farasi wanane na ngamia mmoja. Wao walirudishiwa hariri na fedha, vyeo na mabinti wa kuoa. Mtu asiyeijua kazi ya utawala angeona wamepata faida.

Mimi niliiona faida hiyo kwa macho ya mpima. Dola ya Qing iliikatakata Khalkha katika khoshuu, yaani maeneo madogo chini ya watawala wa kurithi, hadi mwishoni yakafikia 86 katika majimbo manne. Kila khoshuu ilikuwa na mpaka wake, na mfugaji aliyeuvuka bila ruhusa alitozwa faini ya mifugo. Fikiria jambo hilo kwa watu ambao maisha yao yote ni kufuata majani. Mtawala wa khoshuu aliachiwa cheo na mshahara, lakini uhalali wake ulitoka kwenye muhuri wa Beijing. Hata mfanyabiashara wa Kichina alihitaji kibali chenye muda kuingia, na hakuruhusiwa kuleta familia wala kuoa huko. Dola haikutaka raia zake wajuane sana.

Mipaka hiyo iliwekewa alama gani? Hapa ndipo nilipoanza kupendezwa. Juu ya vilima vya Mongolia kuna marundo ya mawe yaitwayo ovoo. Mpita njia huzunguka rundo mara tatu kufuata mwendo wa jua, huongeza jiwe, akiwa na maziwa humwaga kidogo, na mtini hapo hufungwa vitambaa vya buluu. Ni mahali pa kuabudia mwenye kilima. Qing waliyakuta marundo hayo na kuyafanya bikoni, yaani alama za mpaka. Wapimaji wa mkataba wa Kyakhta wa mwaka 1727 waliweka marundo ya mawe kwenye mpaka wa Urusi, na khoshuu nazo zikatenganishwa kwa ovoo zilizoandikwa majina katika ramani zilizodaiwa na Beijing. Ramani hizo zimebaki nyingi, za wino na rangi. Milima imechorwa kama inavyoonekana kwa mtu aliyesimama chini, na ovoo za mpaka zimeizunguka khoshuu zote zikiwa na majina. Mpima wa leo atazicheka kwa kukosa vipimo. Asicheke. Aliyezichora alijua kila kilima kwa jina.

Niseme na hili, ingawa linanichekesha mwenyewe. Kule Gobi tulihitaji kuweka bikoni mahali pa juu panapoonekana pande zote, na kila nilipochagua kilima nilikuta ovoo imenitangulia. Bila shaka, wahenga wao walitafuta kitu kilekile nilichokitafuta. Mwenzangu wa Kimongolia, mpima mzuri kuliko mimi, alikataza katakata kuchimba ndani ya hatua kadhaa za rundo. Tuliweka bikoni pembeni na kuandika umbali. Kampuni ililalamika kwa sababu ya muda, lakini mahesabu yalikaa sawa.

Nirudi kwenye mlima. Khalkha walichoka. Mwaka 1756 Qing walimuua mmoja wa wakuu wao, ndugu yake kiongozi wa dini, kwa kosa la kumwachia mwasi Amursana atoroke. Mtawala mmoja wa kaskazini, Chingünjav, akaasi. Watu walioendesha vituo vya farasi wa posta na wale wa vituo vya ulinzi wa mpakani wakaacha kazi wakaondoka, na kwa muda Beijing ikawa kiziwi kwa habari za nchi hiyo. Uasi ulizimwa, Chingünjav akauawa mwaka 1757. Mwaka huohuo akafa kiongozi wa dini mwenyewe, Jebtsundamba wa pili. Wabudha wa kule wanaamini kwamba kiongozi kama huyo huzaliwa tena katika mtoto, naye hutafutwa. Wawili wa kwanza walizaliwa katika ukoo wa Chinggis, hukohuko Khalkha. Qianlong akatoa amri: kuanzia sasa mtoto huyo atafutwe Tibet. Kuanzia wa tatu hadi wa nane, wote walitoka Tibet. Mwaka 1758 akaweka mjini kwao amban, yaani mwakilishi wa dola, ambaye alikuwa Mmongolia. Na mwaka 1761 akamwongezea wa pili, Mmanchu, wa kumtazama yule wa kwanza.

Upande wa magharibi, katika miaka hiyohiyo, majeshi yake yaliwamaliza Wadzungar. Kufikia mwaka 1759 taifa hilo halikuwapo tena. Waliosalimika na upanga walichukuliwa na ndui, na waliobaki walitawanyika. Mwandishi wenu anapomweka mtu huyu katika orodha ya wapenzi wa mazingira, ajue anamweka nani.

Katika hali hiyo ndipo ilipoandikwa barua inayosababisha maneno yote haya. Mwaka 1778 afisa mkuu wa Kimongolia wa mji wa Khüree, ambao leo ni Ulaanbaatar, alimwandikia Qianlong kuomba kibali cha kuufanyia Bogd Khan ibada ya kila mwaka. Barua hiyo imehifadhiwa katika nyaraka za taifa la Mongolia. Ilitoa sababu ambayo ingeeleweka Beijing: kwamba Chinggis Khan alizaliwa kwenye mlima huo. Sasa, simulizi za Wamongolia wenyewe zinamzalisha Chinggis mbali mashariki, upande wa mto Onon. Simwoni mwandishi wa barua kuwa mjinga wa jiografia ya kwao. Ninamwona mtu anayejua anaongea na nani. Kaisari aliyejiita mrithi wa Chinggis hawezi kuukatalia heshima mlima wa Chinggis. Wale waliowahi kuandika maombi ya ardhi kwenye ofisi yoyote wanaujua ufundi huo.

Kibali kikatoka. Ibada ikawa ya dola. Wala halikuwa jambo geni kwa Qing, maana Kangxi alikwisha tuma watu mwaka 1677 kuutafuta mlima Changbai, ambao Wamanchu waliuhesabu kuwa chimbuko la ukoo wao, na mwaka uliofuata akaupa cheo na ibada zilizolingana na za milima mikuu ya China. Walijua kutawala kwa milima. Kila walipokuta watu wanaabudu mahali, walitafuta namna ya kusimama mbele ya safu. Nimeona wapimaji wavivu wakifanya hivyo: anakuta jiwe la mpaka la wazee, analipaka chokaa, halafu anaandika katika ripoti kwamba ameliweka yeye.

Kuna jambo jingine la mwaka huo wa 1778 ambalo watu hawaliunganishi na barua. Mji wa Khüree ulianza mwaka 1639 ukiwa hema la kiongozi wa dini, na kwa zaidi ya karne moja ulihamahama, hekalu na wote, zaidi ya mara 20. Mwaka 1778 ndipo ulipotua pale ulipo, kati ya mto Tuul na kijito cha Selbe, uso kwa uso na mlima. Mji unaohama hauumalizi msitu. Mji uliotua, wenye maelfu ya watawa wa kupikiwa chai na baridi ya kuua kwa miezi mingi, unautafuna mlima wa karibu katika kizazi kimoja. Nadhani waliolijua hilo walikuwa watu wa Khüree wenyewe. Walihitaji katazo lao la zamani liwe na meno dhidi ya wageni, wafanyabiashara wa mji wa Kichina uliokuwa upande wa mashariki, na dhidi ya watawa wao pia. Kwa hiyo wakaliombea muhuri. Hii ni hoja yangu, si ya kitabu, na atakayeipinga namkaribisha.

Sitaki kuonekana simpi Mmanchu haki yake. Muhuri una kazi. Nimetumia maisha yangu kuweka alama ambazo bila karatasi zingeng'olewa usiku. Walinzi waliwekwa kwenye mabonde ya mlima, na msitu ule umesimama hadi leo wakati milima mingi iliyozunguka mji imebaki upara. Mrusi Yegor Timkovsky, aliyepita hapo mwaka 1820 akienda Beijing, aliona ubavuni mwa mlima, upande wa mji, maandishi makubwa ajabu yaliyopangwa kwa mawe meupe, katika Kimanchu, Kichina, Kitibeti na Kimongolia, yenye maana ya furaha ya mbinguni. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu, kwa sababu hata mimi nimeona mawe meupe ubavuni humo: uso wa Chinggis Khan, uliopangwa mwaka 2006 katika kumbukumbu ya miaka 800 ya dola yake. Na kwenye kilima cha Zaisan, chini ya mlima huohuo, serikali ya kikomunisti ilijenga mnara wa kuwaenzi askari wa Kisovieti. Kila mwenye mamlaka akifika pale hutaka kuandika kitu mlimani.

Ila ulinzi wa muhuri unadumu kadiri ya mwenye muhuri. Mwanzoni mwa karne ya 20 Beijing iligeuza siasa yake, ikafungua nchi za Wamongolia kwa wakulima wa Kichina na kuleta ofisi, kambi na kodi mpya. Amban wa mwisho, Sando, alifika Khüree mwaka 1910 na kazi hiyo. Desemba mwaka 1911 Wamongolia walijitangazia uhuru, Sando akaondoka chini ya ulinzi wa Warusi, na tarehe 29 mwezi huo Jebtsundamba wa nane akatawazwa kuwa mfalme wa Mongolia. Angalieni jambo hilo: mtu aliyezaliwa Tibet kwa sababu ya amri ya Qianlong ya kuwadhoofisha Khalkha ndiye aliyesimama kuwatoa mikononi mwa warithi wa Qianlong. Jina alilotawala nalo ni Bogd Khan, sawa na mlima.

Mfalme huyo alifariki mwaka 1924, nchi ikawa jamhuri, na baada ya hapo mlima ukakutana na dola ambayo haikuhitaji tena kujifanya inaabudu. Upande wa kusini, karibu na mji mdogo wa Zuunmod, kulikuwa na monasteri ya Manzushir iliyoanzishwa mwaka 1733. Mwaka 1937 ilibomolewa na watawa wake wakauawa au kupelekwa magerezani, kama ilivyotokea nchi nzima. Nilifika hapo siku moja ya mapumziko na wenzangu wa ofisini. Kuta zimebaki nusu, na nje kuna sufuria kubwa la shaba nyeusi, kubwa kiasi kwamba wenyeji husema huchemsha kondoo kumi kwa mara moja. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa mpishi wetu na ambaye hakuwa mtu wa dini hata kidogo, alituambia kwamba bibi yake aliendelea kumwaga maziwa kuuelekea mlima kila asubuhi miaka yote hiyo, akijidai anamwaga maji ya kuoshea vyombo. Hakukuwa na amban, hakukuwa na kibali, na ibada ilikatazwa. Mnaweza kumweka wapi bibi huyo katika orodha yenu ya hifadhi kongwe?

Ibada ya hadharani ilirudi baada ya mwaka 1990. Mwaka 1995 Rais Ochirbat alitoa amri ya kuitambua milima mitatu kuwa ya kuheshimiwa na taifa: Bogd Khan, Burkhan Khaldun na Otgontenger. Mwaka uliofuata UNESCO ikauingiza Bogd Khan katika hifadhi zake za baiyosfia, na mwaka 2015 Burkhan Khaldun ikawa urithi wa dunia. Marais sasa hupanda au husimama chini ya milima hiyo wakiwa na kanzu zao za kitaifa, na shughuli ni kubwa kwelikweli. Wakati huohuo, mabonde ya chini ya Bogd Khan upande wa Zaisan yanajaa majumba ya ghorofa ya wenye nazo, na kuna mteremko uliosafishwa kwa ajili ya watu wa kuteleza juu ya theluji. Karatasi zote zipo. Nilipomuuliza mwenzangu mpima mpaka wa hifadhi unapita wapi hasa pale Zaisan, alinitajia kwanza ulivyokuwa, halafu akanyamaza kwa adabu.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu ni dogo. Mkiirudia makala hiyo, andikeni kwamba mlima Bogd Khan ulilindwa na wenyeji wake kwa mila, na kwamba mwaka 1778 waliomba na kupata kibali cha dola iliyokuwa imewatawala. Tarehe ya kibali iandikwe kuwa tarehe ya kibali. Mkitaka kumtaja Qianlong mtajeni, ila pamoja na Lifan Yuan, na khoshuu, na ile amri ya kumtafuta mtoto Tibet, kwa maana vyote vilitoka kwenye meza moja.

Na mwisho ni ile picha mliyoiweka juu ya makala. Mlima ule wenye kofia ya theluji na ziwa miguuni si Bogd Khan. Bogd Khan hauna theluji ya kudumu, na hakuna hata msonobari mmoja pichani. Kwa jinsi ninavyouona ni Otgontenger, ambao unazidi mita 4,000 na uko mbali kabisa magharibi, kwenye jimbo la Zavkhan. Haukosi historia. Mji wa karibu nao ni Uliastai, ulioanzishwa mwaka 1733 kuwa ngome ya jenerali wa Qing aliyesimamia Khalkha yote kijeshi. Picha hiyo itunzeni. Siku mkiandika kuhusu majenerali itawafaa.

Wenu,
Mpima ardhi mstaafu,
Korogwe, Tanga